Kauri Tano na Komwe Nne

Siku hizi mtu akimaliza kazi ya serikali huitwa mstaafu, na hupewa karatasi. Wakati wa Mjerumani hapakuwa na neno hilo wala karatasi. Palikuwa na ng'ombe.

Nieleze vizuri, maana watoto wa leo hudhani natunga. Boma letu la Dodoma lilikuwa jipya, chokaa bado inanuka, na lilikuwa na zizi kubwa la ng'ombe ambao halikununua hata mmoja. Walikuwa ng'ombe wa faini. Kijiji kilichochelewesha kodi, kijiji kilichoficha wapagazi, kijiji ambacho jumbe wake alipiga chafya bendera ikipandishwa, vyote vililipa kwa ng'ombe. Kutoka zizi hilo, mtu aliyeitumikia serikali miaka kumi na miwili mpaka akaharibika kiungo alikabidhiwa jike mmoja wa maziwa. Ng'ombe alibaki wa boma, ndama walibaki wa boma, maziwa yakawa ya mzee. Siku mzee akifa, ng'ombe anarudi zizini. Siku ng'ombe akifa, hapo ndipo penye maneno yangu.

Wajerumani walidhani jambo hilo wamelibuni wao. Watu wa Ugogo walicheka kimoyomoyo, kwa sababu matajiri wa huku walikuwa wakiweka ng'ombe wao kwa watu kabla Mjerumani hajajua njia ya kuja. Una ng'ombe mia katika zizi moja, maradhi yakiingia unaamka huna hata mkia. Basi unawagawa, mmoja huku, watatu kule. Anayekutunzia anakunywa maziwa. Sheria ni moja tu. Ng'ombe akifa, hailiwi hata figo mpaka mwenyewe aletewe ngozi. Unaitandika mbele yake, manyoya juu, alama ionekane. Anaitazama, anasema, "Nimeona." Neno hilo likishatoka, nyama ni yako, jina lako limebaki safi, na mvua zikiwa nzuri unawekewa mwingine. Asiyepeleka ngozi ni mwizi. Aliyepeleka huaminiwa kuliko hata yule ambaye ng'ombe wake mzima, maana huyo wa pili bado hajajaribiwa.

Ng'ombe wa wazee walikuwa kumi na mmoja. Nawajua kwa sababu niliwachagua mimi. Nilikuwa dalali wa mifugo, mtoto wa mfanyabiashara aliyefuata misafara ya pembe akachokea hapa hapa. Nilinunua vijijini, nikauza kwa wasafiri, na boma lilinitumia kwa kuwa nilihesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza nijue wapo wangapi, mara ya pili nijue nani alikuwa akinitazama nikihesabu.

Mmoja wa wazee hao alikuwa baba wa mke wangu. Alikuwa tarishi. Miaka kumi na minne alibeba barua za Wazungu zilizobanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa, Mpwapwa mpaka Kilimatinde na kurudi, mbio, jua na mvua. Mguu wake wa kulia ulibaki na vidole viwili. Vitatu vilikwenda na funza. Alikuwa akisema serikali imechukua vitatu naye kabakiwa na viwili, kwa hiyo serikali ndiyo iliyofaidi.

Yeye na mimi hatukupendana wala hatukuchukiana. Tulikuwa tumepatana bei. Nilipoposa nilimpunguzia mbuzi wawili wa mahari, na hakusahau. Nikifika kwake, upande wa Kizota, namwamkia, "Mbukwa, baba." Anaitikia, kisha anachungulia nyuma yangu.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu, baba."

"Nilidhani mbuzi wangu wawili wamekufuata."

Miaka tisa alisema hayo, hakubadilisha hata neno.

Ng'ombe wake alikuwa mweusi mwenye tumbo jeupe, alama ya boma imechomwa kwenye paja la kushoto. Alimwita mshahara wake. Akikohoa ng'ombe, utamsikia akimwambia jirani kwamba mshahara unakohoa. Hakuwa na kingine. Mwanawe wa kiume aliondoka na msafara wa kwenda pwani, hakurudi. Shamba lilikuwa la mtu mwenye miguu. Asubuhi alikamua vibuyu viwili, kimoja akanywa, kimoja akabadilisha kwa unga, na siku ikapita. Ukitaka kujua mzee yule aliishi kwa kitu gani, ni hicho. Hakikuwepo cha pili.

Sasa, mwaka ule mvua ilikuja siku mbili ikaenda zake. Reli nayo ilikuwa imefika Gulwe, na kambi ya mafundi wa Kizungu kule ilitaka maziwa na nyama. Na hapa kwetu aliletwa Bwana Shauri mpya, yaani Mzungu mkuu wa boma, kijana, mwembamba, mwenye kuandika mno. Wa kabla yake angetaka ng'ombe angetuma askari. Huyu alituma barua. Alituita wajumbe wa baraza, watu tisa, akatuambia kwa kinywa cha karani wake kwamba kwao Ulaya sheria haibadilishwi kwa mtu mmoja kusema. Wakubwa hukaa ndani ya nyumba, wakapiga kura, na wengi ndio wenye neno. Naye alitaka kumwandikia mkubwa wake Dar es Salaam kwamba wenyeji wenyewe wamekubali.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Ng'ombe wote wa wazee warudi bomani. Badala yake kila mzee apewe pishi nne za mtama kwa mwezi, ghala likiruhusu. Karani alilisoma hilo la ghala kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Tukapewa siku tatu za kufikiri.

Mimi nilihesabu kabla hatujafika mlangoni. Waliotaka sheria ipite walikuwa wanne: akida, kwa sababu alikuwa akida; mwenye duka, kwa sababu mtama wa ghala ungenunuliwa kwake; na majumbe wawili waliokuwa nyuma kwa kodi. Wasioitaka walikuwa wanne: majumbe watatu wenye ndugu kati ya wazee wale, na fundi mwashi wa boma, aliyekuwa amebakiza miaka miwili apewe ng'ombe wake. Nikahesabu tena. Wanne na wanne. Wa tisa nilikuwa mimi. Ukikaa sokoni miaka mingi unajua siku bidhaa yako ikibaki peke yake. Nikaenda mnadani nikakaa juu ya ua wa zizi, nikangoja mnunuzi.

Alikuja siku ya pili, karani mwenyewe, mtu wa pwani, kanzu nyeupe ameishika juu kwa vidole viwili.

"Bwana anataka tano," akasema.

"Bwana ana nne."

"Ndiyo maana unaniona hapa nakanyaga mavi."

Tukapatana kama watu wazima. Nilitaka mimi ndiye nipeleke ng'ombe hao Gulwe, nilipwe kwa kichwa nikifika, na ngozi ya kila atakayekufa iwe yangu. Akasema ngozi ni mali ya serikali. Nikamwambia basi serikali ipige kura yangu. Akakubali ngozi. Kisha nikamwambia jambo la mwisho, kwamba mmoja abaki: yule mweusi mwenye tumbo jeupe.

"Mkweo," karani akacheka.

"Ng'ombe hana mkwe."

"Nitamwandika mgonjwa, hawezi safari. Na wale kumi je?"

"Wale kumi hawakunioza binti," nikasema, na nikajiona nimesema kitu.

Alasiri ile mke wangu alikuwa uani akipepeta mtama. Nilitaka kumtuliza, maana habari ya ng'ombe ilikuwa imeshafika visimani. Nikachota karanga, nikazipanga ukingoni mwa ungo wake. Huyu akida, huyu mwenye duka, jumbe yule, jumbe yule, wanne. Upande huu jumbe fulani, fulani na fulani, na fundi, wanne. Nilimtajia wote, jina moja moja, na sababu ya kila mmoja, kwa kuwa nilijisikia mwerevu. Karanga ya tisa niliiweka katikati. Nikamwambia ng'ombe wa baba yake hataguswa, asiwe na wasiwasi.

Hakuuliza nimefanyaje. Aliinua kidole, akaisukuma ile karanga ya katikati mpaka upande wa fundi na majumbe watatu. Akaendelea kupepeta. Mimi niliiacha pale pale. Nikala zile nne za upande wa pili.

Kulipopambazuka, ng'ombe mweusi alikuwa amekufa. Kiu, njaa, au mapafu, sijui. Mimi nilimnunulia ugonjwa wa kwenye karatasi tu jana yake, na sikuwahi kununua kitu kikafika haraka hivyo.

Habari hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa barazani tangu asubuhi na wenzangu, tumeketi kwenye viti vilivyotolewa nyumbani kwa Bwana Shauri, viti vyenye migongo, tukiona aibu kuegemea. Mezani palikuwa na kibuyu chenye shingo nyembamba. Kila mmoja alipewa kauri moja na komwe moja, komwe zenyewe zimechukuliwa kwenye bao la askari. Anayekubali sheria atumbukize kauri, anayekataa atumbukize komwe, na kinachobaki mkononi akiache kapuni chini ya kitambaa. Bwana Shauri alifurahia sana siri ile. Alituonyesha mara tatu jinsi ya kufumba ngumi, kama kwamba hakuna mtu huku aliyewahi kuficha kitu mkononi.

Ndipo baba mkwe akaingia.

Alikuwa amebeba ngozi mbichi begani, bado inatoa mvuke, damu imemtiririkia mpaka kiunoni. Askari wa mlangoni alimwacha apite, nadhani alidhani ameitwa. Alitembea kwa mwendo wake ule wa vidole viwili, akafika mbele ya meza, akaitandika ngozi sakafuni, manyoya juu, akalinyoosha paja la kushoto kwa kiganja alama ionekane vizuri. Kisha akasimama wima kama zamani alipokuwa akileta barua.

"Mwenye ng'ombe, ng'ombe wako amekufa alfajiri. Hii ngozi, hii alama. Sijala."

Maneno kumi na moja. Karani akayafasiri kwa matatu.

Mzungu aliitazama ngozi kama mtu aliyetapikiwa zulia. Akaongea. Karani akamwambia mzee kwamba Bwana anauliza kwa nini umeacha mali ya serikali ife, halafu unaileta hapa.

Mzee hakuelewa swali. Hakika hakulielewa, nilimwona usoni. Yeye alikuja na heshima yake yote begani, amechuna kwa mkono wake bila kutoboa, ameiacha nyama nzima nyumbani chini ya majani huku majirani wenye njaa wakiizunguka, na amekuja kusimama mbele ya mwenye mali kama mtu mwadilifu. Alikuwa akingojea neno moja. Akamgeukia karani, akamwambia taratibu, kama anayemsaidia, "Mwambie aseme ameona."

Karani hakufasiri. Bwana Shauri alikuwa ameshaanza kusema, na safari hii alitusemea sisi. Ngozi ile, karani akatuambia, ni ushahidi. Wazee hawawezi kutunza ng'ombe wa serikali. Kumi waliobaki nao watakufa vivyo hivyo. Je, yupo katika baraza mwenye la kusema kuhusu ngozi hii kabla hatujapiga kura?

Wote wanane walinigeukia. Ni haki yao. Mtu wa ng'ombe pale nilikuwa mimi, na Bwana Shauri alinisikiliza katika mambo ya ng'ombe. Ningesema maneno machache tu: kwamba ngozi ni ushahidi, ndiyo, lakini wa kinyume chake, kwamba mzee huyu ndiye mtunzaji bora kati ya wote kumi na mmoja, kwamba aseme ameona. Fundi mwashi alikuwa akinitikisia kichwa niseme. Na mimi nilikuwa nahesabu. Nikisema hivyo, majumbe wale wawili wenye kodi watapata haya, sheria itaanguka, na hakuna Gulwe. Nisiposema, ng'ombe niliyemtengea mzee ameshakufa, kwa hiyo nusu ya mapatano yangu imeoza. Na mtu wa biashara haachi nusu nzima kwa sababu nusu imeoza.

Nikainama, nikaishika ngozi pembeni, nikaikunja kati ya vidole viwili kama ninavyofanya mnadani.

"Ngozi nzuri," nikasema. "Haina tundu."

Baraza likacheka. Lilicheka kwa sababu lilikuwa na hofu na nilikuwa nimelifungulia mlango. Bwana Shauri alipofasiriwa, naye akacheka, akaandika kitu. Mzee peke yake hakucheka. Alinitazama, na sikuona hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Askari walitumwa Kizota kuleta nyama. Waliileta kwenye machela, yote, maini yapo, figo zipo, hapakukosekana kitu. Na kwa kuwa jua lilikuwa limepanda na nzi wamejaa, Bwana Shauri aliamuru wafungwa wa mnyororo waifukie nyuma ya boma na kumwaga chokaa juu. Mwaka wa njaa. Mzee alishuhudia hilo akiwa amekaa kwenye ngazi. Wafungwa nao walikuwa wakilia, si kwa ajili yake, kwa ajili ya nyama.

Kisha tukapiga kura. Nilifumba ngumi jinsi tulivyofundishwa. Karani akamimina kibuyu, akahesabu. Bwana Shauri akahesabu. Halafu akasema kwa utani kwamba ahesabu na yule anayehesabu mara mbili. Nikahesabu: kauri tano, komwe nne. Nikahesabu tena mbele yao, kwa kuwa ndiyo tabia yangu: kauri tano, komwe nne.

Tulipotoka, mzee alikuwa bado kwenye ngazi, sheria imesomwa, ngozi imebaki ndani. Nilitaka kumpita. Akanishika pindo la kanzu.

"Mkwe," akasema, "ungesema wewe umeona. Ningetosheka."

Siku ile mpaka jua kuchwa nilikutana na wajumbe mmoja mmoja sokoni, na kila mmoja aliniapia kwamba yeye alitumbukiza komwe. Waliapa saba. Akida tu hakuapa, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa wa nane kuapa. Ukizijumlisha komwe zetu ni nane, na kibuyu kilitoa nne. Zile nne nyingine sijui zilimezwa na nani.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi pale pale uani. Ungo ulikuwa magotini na karanga zimepangwa ukingoni. Wanne huku, wanne kule. Hesabu ya kibuyu ilikuwa imeshamfikia, na sikuwa nimemwachia jina hata moja la kukisia. Aliichukua ile ya tisa, akaiweka upande wa akida, akaitazama kidogo, akazimwaga zote kwa kuku. Alifunga nguo zake na chungu kimoja, akaniambia anakwenda kumtunza baba yake mpaka mvua inyeshe. Nikamwuliza mvua itanyesha lini. Akasema niwaulize wenzangu wa baraza, huenda wakaipigia kura.

Nilipeleka ng'ombe kumi Gulwe, siku tano kwa mguu. Wa mwisho kunikabidhi wake alikuwa mzee mmoja mwenye jicho moja, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa boma; alimtoa ng'ombe wake mwenyewe zizini, akanikabidhi kamba, akaniuliza kama njiani kuna maji. Siku ya tatu mmoja alilala hakuinuka. Nikamchuna. Nilipofika kambini, fundi mkuu wa Kizungu alihesabu tisa, karatasi inasema kumi, akakunja uso. Nikaitandika ngozi mbele yake, manyoya juu, nikamwonyesha alama, nikamweleza kwa Kiswahili changu cha polepole kwamba huku kwetu ng'ombe akifa njiani mwenye dhamana huleta ngozi, na ndiyo amana yake. Haikunichukua muda wa kuwasha kiko. Mzungu akaitazama, akatikisa kichwa kuafiki, akaandika kumi. Nikalipwa vichwa kumi.

Nilirudi nikisema moyoni kwamba fundi yule alikuwa mtu mwelewa kuliko Bwana Shauri. Neno hilo nilifika nalo mpaka nusu ya njia, kisha nikaliacha, halikubebeka.

Ghala liliruhusu mara mbili. Mwezi wa kwanza pishi nne, zilizochanganywa na mchanga. Mwezi wa pili pishi mbili. Mwezi wa tatu wazee walikaa mlangoni mwa ghala tangu asubuhi mpaka adhuhuri, karani akatoka akawaambia ghala halikuruhusu. Mpiga tarumbeta alikufa mwezi huo. Wengine wawili walikwenda kwa ndugu zao Mpwapwa, kama walifika.

Mimi nilikuwa na ng'ombe wangu. Nilichagua jike wa kijivu, anakamuliwa vizuri, nikamswaga mwenyewe mpaka Kizota. Na ile ngozi nyeusi yenye tumbo jeupe niliibeba vilevile, maana ilikuwa imeniangukia kwenye mapatano. Mke wangu alikuwa akichota majivu mekoni. Alinyanyuka akaingia ndani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, miguu ameinyoosha, magoti makubwa kuliko mapaja. Nikamwamkia. Akaitikia. Hakuchungulia nyuma yangu kutafuta mbuzi, na ng'ombe mzima alikuwa amesimama pale.

Nikamwambia nimemletea wa kukamua. Wa kwangu mimi, si wa boma, wala hapana sheria itakayomgusa.

Alimtazama yule ng'ombe kwa muda. Alimpenda, mate yalimjaa kinywani, nilimwona akimeza.

"Huyu akifa," akasema, "ngozi nipeleke wapi?"

"Kwangu, baba."

"Kwako nilishapeleka."

Nikajaribu kubishana, ndiyo kazi yangu. Nikamwambia amchukue kama ndio wale mbuzi wawili, na faida juu. Nikamwambia amchukue kwa ajili ya binti yake. Nikapandisha, nikaongeza ndama. Sijawahi kupandisha bei kwa mtu asiyeuza. Yeye alinyoosha mkono akaishika ile ngozi, akaivuta kwake taratibu.

"Hii niachie," akasema. "Ng'ombe wako nenda naye."

Nikaenda naye. Njia nzima alilia kwa kuwa muda wa kukamuliwa ulikuwa umepita, na maziwa yakamdondoka njiani.

Majuma matano baadaye, siku ya mnada, nilikuwa mbele ya nyumba yangu na wanunuzi wawili, tunavutana juu ya dume. Nikamwona mke wangu anakuja kutoka njia ya Kizota. Alikuwa amekonda, na begani amebeba ngozi ngumu iliyokauka, ile aliyokuwa akilalia baba yake. Alipita katikati ya wanunuzi. Akaitandika kizingitini kwangu, manyoya juu. Ilikuwa imeshika umbo la mgongo wa mtu. Akapiga magoti, akalinyoosha paja la kushoto kwa kiganja, alama ionekane.

"Alikufa alfajiri," akasema. "Sema umeona." Kisha kwa sauti ya chini, niisikie mimi tu, "Tukamzike."

Wale wanunuzi hawakujua lolote. Walidhani ni mtu wa kwangu kaleta habari ya ng'ombe aliyewekwa kwake. Mmoja, mtu mzima, mstaarabu, akanong'ona niseme basi, mwanamke wa watu ametoka mbali.

Nikasema, "Nimeona."

Akaikunja, akaibeba, akarudi njia aliyoijia. Yule mnunuzi akaniuliza mwanamke mwaminifu kama huyo nimempata wapi, na kama ana jirani mwenye nafasi, maana naye anatafuta mahali pa kuweka ng'ombe wake wawili.